Barua Iliyolala Siku Tatu

1 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu, na usizipokee kwa pupa kama unavyopokea kila kitu, maana zimetoka mbali. Mimi mzima, isipokuwa jino la nyuma linanitesa tangu tulipofika, na daktari wa meno wa huku ananitazama kama fundi anayetazama gari bovu. Wifi yangu hajambo? Mwambie sweta aliyonifumia ndiyo inayoniweka hai. Na mwanao Mrefu je, bado anajigonga kichwa kwenye mlango wa karakana yako akija likizo? Mwambie shangazi yake anashukuru sana kwamba jeshi limempa kulinda ghala la unga. Panya hawana bunduki.

Mimi nakaa ndani ya kibanda cha kioo, ungekiona ungecheka, puti ya kushikia kioo imepakwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwake. Jirani yetu tunayepigana naye anasema, mimi natafsiri. Wetu wanajibu, mimi natafsiri. Jioni nikirudi chumbani sina hata neno langu mwenyewe lililobaki. Simu zetu walizichukua siku ya kwanza, na huko kwenu najua minara imeanguka, kwa hiyo tumerudi kwenye barua kama enzi za baba.

Sasa nikuulize swali, ulichukue kama la kupitisha muda tu. Tuseme jirani amesema hivi: nitanyamazisha mizinga, nitarudi nyuma ya mto, ila ninyi mwandike kwamba hamtaingia Umoja, si leo wala wakati wa wajukuu zenu. Unaujua Umoja wenyewe. Nchi zimeapa kwamba akipigwa mmoja wamepigwa wote, na sisi wametuahidi kiti kwa miaka kumi na moja. Mpaka leo tumepokea silaha kidogo, mablanketi mengi na hotuba kupita kiasi. Wewe ungesaini?

Usinijibu mbio mbio. Baba alipeleka barua za watu kwa baiskeli miaka arobaini, na alituambia ni wangapi walimkimbilia nyuma wakiomba awarudishie walizoandika kwa hasira. Iache ilale siku tatu kwenye droo kama alivyotufundisha.

Dirisha la chumba changu bado limezibwa plaiwudi? Uliniahidi kioo siku vita vikiisha. Sijasahau.

Dada yako


Jumanne, 14 Machi

Dada,

Salamu baadaye. Sisi wazima, wifi yako mzima, Mrefu yuko ghalani kwake.

Leo saa mbili asubuhi wamepiga karibu na zahanati. Jumamosi tu nilikuwa nimemaliza pale, madirisha yote ya wodi ya wazazi. Nilitaka kuweka plaiwudi kama kila mahali, muuguzi akakataa, akasema wanawake wanaojifungua wanastahili kuona mwanga. Nikakata kioo kizuri, cha unene wa kutosha, nikakipangusa kwa shati langu mwenyewe. Mtu hakufa. Wanawake wawili wamechanwa usoni na mikononi. Kioo changu, dada! Nimetoka huko sasa hivi, nimewachomoa vipande nilivyovikata kwa mkono wangu.

Halafu wewe unaniuliza ningesaini? Nisaini nini? Mtu anakuvunjia dirisha kila siku, kisha anakwambia ataacha kuvunja ukiapa kwamba hutanunua kufuli! Basi ukiapa, keshokutwa utamkuta kitandani kwako amevua viatu. Umoja ni wa polepole, una maneno mengi, yote sawa, lakini jirani angekuwa hauogopi angehangaika nini tuuache? Waambie hao wakubwa zako kwamba fundi vioo wa mji wa mpakani amesema hapana. Nitaziba madirisha kwa plaiwudi miaka ishirini kama ndiyo hivyo. Na mwanangu wa pekee, kama zamu yake imefika, na aende.

Hii hailali popote. Gari la posta liko nje linaunguruma, na likiondoka ni mpaka Jumanne nyingine. Namtupia dereva dirishani.

Mdogo wako


Jumapili, 19 Machi

Shikamoo dada,

Nakuamkia leo kwa sababu juzi nilisahau hata hiyo shikamoo, ndipo ujue nilikuwa katika hali gani. Jino limepoa? Sukutua maji ya chumvi, usiwape hao madaktari nafasi ya kukung'oa vyote.

Nimekwenda zahanati kuwaona wale wanawake. Mmoja ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, yule anayecheka kwa sauti. Ameshonwa shavu. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. "Fundi, wacha hayo. Mimi ninachotaka ni kulala mara moja tu bila viatu." Unajua hapa tunalala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Nilirudi nyumbani hicho kitu kikinizunguka kichwani.

Tena Ijumaa imekuja amri. Walinzi wote wa maghala wanapelekwa darajani. Mrefu alipita hapa nusu saa, akala amesimama, akajigonga mlangoni wakati wa kutoka, akacheka. Mama yake alipojua nimekuandikia nini, hajanisemesha mpaka sasa. Chai ananiwekea, lakini anaiweka mbali.

Dada, yafute yale maneno. Ningesaini. Sisemi ni jambo la heshima, na sisemi jirani ataheshimu karatasi. Huenda baada ya miaka mitano akarudi, na hatutakuwa na wa kumwita. Lakini miaka mitano ni mingi. Mrefu atakuwa na ishirini na saba, atakuwa amejifunza kukata kioo cha duara, pengine ameoa. Wacha tuwe nchi isiyo na Umoja lakini yenye watoto. Ulisema swali ni la kupitisha muda, basi na jibu langu lipitishe muda hivyo hivyo, ila lifute lile la kwanza.

Hii nailaza droo ya juu.

Mdogo wako

Jumanne, 28 Machi. Naongeza hapa chini. Wiki iliyopita gari lilipita ikiwa imelala siku mbili tu. Nilisimama nayo mkononi, nikajiambia sheria ya baba nimeshaivunja mara moja na nimeona matunda yake, siivunji tena. Nikaliacha gari likapita. Kwa hiyo imelala tisa badala ya tatu. Sijabadilisha neno.


25 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yenyewe hukuituma. Jino limekwisha kung'olewa na mashavu yangu sasa hayafanani.

Barua yako ya tarehe 14 ilinifikia Jumatatu. Ina doa la damu kwenye kona. Sikuweza kuisoma nikiwa peke yangu chumbani, nikaenda nayo kazini. Wakati wa chai mkuu wa ujumbe wetu aliniona nimeishika. Ni mzee mpole, husahau miwani kila mahali na sisi wakalimani ndio tunaomtafutia. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikampa asome. Aliisoma amesimama mpaka chai yake ikapoa, kisha akaomba nimwazime.

Kesho yake aliwasomea wenzake mezani, polepole. Alipofika kwenye dirisha na kufuli watu waliweka kalamu chini. Walikuwapo waliokuwa wanaelekea upande mmoja, wakageukia mwingine. Zaidi ya hapo kiapo cha wakalimani kinanifunga mdomo. Watu wa redio wameomba waitumie, jina lako halitatajwa.

Nilijivuna, mdogo wangu. Nataka ujue kwamba nilijivuna. Tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa na maneno na wewe ndiye uliyekuwa na mikono.

Uliilaza lakini? Mwandiko wako unakimbia.

Dada yako


18 Aprili

Shikamoo dada,

Sisi tupo. Wifi yako amenisamehe nusu, chai sasa inafika mezani. Pole kwa jino.

Nimejisikia redioni. Nilikuwa dukani nanunua misumari, mtangazaji akasema "barua ya fundi vioo kutoka mpakani", nikaacha kuhesabu. Ana sauti nzuri yule bwana. Kwa mdomo wake maneno yangu yalikuwa mazuri sana, na hilo ndilo lililoniumiza. Mwalimu mstaafu wa ghorofani alikuwa kando yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo mtu anajua kupanga hoja," akasema. Nikalipia misumari nikatoka. Sasa wanairudia kila jioni baada ya taarifa ya habari, na wifi yako kila jioni anaizima.

Nijibu mambo mawili tu. Barua yangu ya pili ilifika lini? Na lile swali lako, kweli lilikuwa la kupitisha muda?

Mrefu bado yuko darajani. Ameandika mistari minne, mitatu yote ni ya kuomba soksi.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo. Huku mvua inanyesha na hoteli imebadilisha mapazia, sasa yana maua makubwa yasiyopendeza.

Barua yako ya pili ilifika tarehe 3 Aprili. Nimeisoma, nimeitia kwenye begi langu. Mazungumzo yamesimama tangu mwisho wa Machi, wakalimani tumeambiwa tusubiri, basi tunasubiri na kufua nguo. Ajabu ni kwamba pengo la jino linauma kuliko jino lenyewe.

Nimetuma soksi jozi sita kwa anwani ya jeshi. Swali lako la pili nimeliona. Msalimie wifi sana, sana.

Dada yako


11 Julai

Dada,

Mrefu yu hai. Naanza na hilo usije ukasoma kwa kuruka ruka ukaanguka.

Daraja lilipigwa tarehe 2. Mkono wa kulia umekatwa juu kidogo ya kiwiko. Yuko hospitali ya jeshi, mama yake amekwenda huko na ndoo na shuka. Mimi nimebaki kwa kuwa wanaruhusu mtu mmoja tu, na pia kwa kuwa sijui nitamtazamaje.

Karakana ina visu viwili vya kukatia kioo. Kile kipya nilimnunulia yeye, kikubwa, cha kutosha kiganja chake. Leo nimekifunga kwenye kitambaa nikakiweka juu ya kabati.

Sina mengine.

Mdogo wako


30 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi, na kwa mtoto wetu. Najua yuko nyumbani sasa, mama yake aliniandikia. Hakuandika juu yako neno hata moja, nami sikuuliza.

Umeshasikia. Juzi wamesaini. Mizinga inyamaze, jirani arudi nyuma ya mto, nasi hatutaingia Umoja, si leo wala wakati wa wajukuu zetu. Yameshatangazwa, kwa hiyo kiapo hakinifungi tena, na ninakujibu swali ulilouliza Aprili.

Halikuwa la kupitisha muda. Sharti hilo lilikuwa mezani tangu tarehe 27 Februari, na muda wa kulijibu uliisha tarehe 31 Machi. Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa nimelitafsiri mchana kutwa na sikujua mwenyewe ninataka nini. Nilivunja kiapo nikajidanganya kwamba sijakivunja, eti kwa kuwa nimesema "tuseme". Juzi nililitafsiri tena. Mdogo wangu, ilikuwa sentensi ile ile. Nilingoja waongeze kitu, wapunguze kitu, angalau wabadilishe nukta, ili miezi sita iwe imenunua hata hiyo nukta. Hawakubadilisha. Nilivua kifaa cha masikioni, mwenzangu akakipokea akamalizia.

Barua yako ya pili ingeondoka na gari la tarehe 21 ingenifikia tarehe 27. Nimepiga hesabu hiyo mpaka nimechoka. Ningempa mkuu naye angeisoma. Pengine isingebadilisha kitu, maana wenyewe walikuwa na sababu zao, na barua ya fundi haiendeshi nchi. Nilipomuuliza juzi alivua miwani akasema, "Hata wewe usijiulize." Hakusema hapana.

Siku ile ya chai ningeweza kuikunja nikaitia mfukoni. Nilitaka waone kwamba na kwetu kuna mtu mwenye maneno. Ni kosa langu kabla halijawa lako.

Wapo wenzangu wanaolia kwa sababu tumesaini, na wapo wanaolia kwa sababu tumechelewa. Mimi nalia na wote wawili, nikienda kwa huyu namwona ana haki, nikienda kwa yule naye.

Nakuja nyumbani katikati ya Novemba. Nina barua zako zile mbili za Machi. Nadhani Mrefu anastahili kuisoma ile ya pili, ajue kwamba baba yake hakuwa mtu wa kusema "na aende" halafu akalala usingizi. Niambie kama nimwonyeshe.

Dada yako


24 Oktoba

Shikamoo dada,

Sisi wazima, na mara hii nasema kweli. Gari la posta sasa linapita kila siku, dereva ni yule yule, ananiita Mrusha Barua. Wifi yako anasema ukija usilete sabuni za hoteli, zinamwasha.

Kosa usilibebe peke yako, mimi ndiye niliyelirusha dirishani. Baba naye tumwache apumzike. Sheria yake ilikuwa nzuri kwa watu wanaogombana kwa mambo ya mashamba na posa.

Mji umegawanyika pande mbili, na mimi nauona mgawanyiko huo kwa kazi zinazoingia. Nusu wanaagiza kioo, nusu wanataka nikaze misumari ya plaiwudi yao. Mwalimu wa ghorofani amekataa kioo hata cha bure. "Tumeuzwa," anasema, "na nitakaa gizani mpaka mnunuzi arudi, nisipate taabu ya kufagia." Fundi cherehani alikuja jana na kovu lake, akaniambia amelala wiki nzima bila viatu, mpaka ameshikwa na mafua. Sikuweza kumwambia mmoja wao kwamba amekosea.

Mrefu anafanya kazi na mimi. Anashika futi kwa kushoto, anasoma vipimo, mimi nakata. Mwanzoni alisoma vibaya tukaharibu vioo viwili, tukatukanana vizuri kama zamani. Mlangoni bado anajigonga.

Juzi tulikuwa tunaweka kioo kwenye chumba chako. Ndiyo, kimewekwa. Nilikuwa napaka puti, yeye amekishikilia kwa bega, akaniambia, "Baba, ile barua ya redioni ilikuwa yako." Hakuuliza. Akaanza kunieleza. Walikuwa handakini pale darajani na redio ya betri, na mtangazaji aliposoma habari ya dirisha na kufuli, akaruka akawaambia wenzake, huyo ni baba yangu, hakuna mtu mwingine duniani anayeongea hivyo! Wakampa jina la Kufuli. Mpaka leo wakimwandikia wanamwita Kufuli. Siku ya mkono, alisema, ndani ya gari la majeruhi alikuwa anayarudia yale maneno mwanzo hadi mwisho ili asizimie, na alipofika kwenye "mwanangu wa pekee, na aende" alisikia kama nimemshika.

Halafu akaniuliza, "Wewe hungesaini, sivyo?"

Dada, nilikuwa na puti kwenye vidole vyote kumi. Nilimtazama akiwa ameegemeza bega kwenye kioo, ameufunga mkono wa shati kwa pini ya mama yake. Nikamwambia, "Nisingesaini." Nikaendelea kupaka. Yeye akatabasamu, akasema nimeacha nafasi kwenye kona ya chini, na ni kweli nilikuwa nimeiacha.

Plaiwudi ya dirisha lako sikuitupa. Nimeiegemeza nyuma ya mlango na misumari yake nimeifunga kwenye karatasi. Usinicheke. Naitaka amani hii kuliko nilivyotaka kitu chochote, na bado siiamini.

Kuhusu barua ya pili umesema anastahili kujua. Anastahili. Lakini mkono wake uliondoka ukiwa na maneno ya baba yake, na nikimwonyesha kwamba baba yake alikuwa ameshayafuta kabla, utakuwa umeondoka na nini? Mimi nitabaki kuwa yule wa redioni. Si mtu ninayempenda, lakini ndiye aliyekuwa naye garini. Ichome huko huko, au itupe popote, ila mlango huu usiingie nayo.

Hii niliiandika tarehe 21, nikaitia droo ya juu. Imelala siku tatu kamili. Nimeiamsha leo nikaisoma yote, na bado nasema usije nayo.

Mdogo wako